Divai Isiyoonjwa

Jumanne, 3 Julai

Nimefuta glasi zote za serkele, ile nyumba ya wazungu ya kunywea hapa Kasongo. Walikunywa tangu saa kumi mpaka jua kuzama. Habari zao ni zile zile: pamba, joto, likizo za Ubelgiji. Mimi nyuma ya kontwari, meza ya kumiminia vinywaji, koti nyeupe, vifungo vitano, natikisa chupa. Jin, vermuti, ndimu, barafu. Miaka kumi na moja natikisa. Mutu akionja kokteli yangu anafunga macho kidogo. Akifungua, hanioni.

Pombe yao naijua kwa pua. Mpaka juzi juzi mweusi akikutwa na glasi ya divai ilikuwa kesi. Basi nilijifunza kwa kunusa, na kwa matone yanayobaki chini ya glasi wakati wa kuosha. Sioni haya kuandika. Agenda hii, daftari ya tarehe ninayoandikia, bwana wa serkele aliitupa, nikaiokota, ni yangu. Sasa divai imeruhusiwa kwetu. Jin na wiski bado. Yaani mweusi ameendelea mpaka kiunoni tu.

Ndugu yangu Musafiri alipita mulango wa nyuma. Anaoa! Veronika wa Kabambare, binti ya mwalimu. Nilimurukia shingoni na glasi mukononi. Moja imevunjika. Ivunjike.

Jumamosi, 7 Julai

Asumini ananifulia shati. Bado wiki tatu, lakini nimemuambia aanze.

Musafiri na mimi tulitahiriwa siku moja, kisu kimoja, porini nyuma ya kijiji cha Wamaza. Tulilala mukeka mumoja mpaka vidonda vikapona. Kwetu ndugu wa kisu si rafiki tu. Siku ya ndoa ndugu huyo njo anabeba kibuyu cha malofu, pombe ya mawese, mpaka kwa wakwe. Anamimina, anaonja yeye kwanza mbele ya macho yao, kisha mujomba wa bibi arusi anakunywa. Maana yake: hakuna sumu humu, wala katika pombe wala katika huyu mwanaume. Toka siku ile, bibi akiteswa, analeta kesi mulangoni kwa aliyeonja.

Musafiri alinionjea mimi. Mpaka leo muke wangu Asumini akikasirika ananiambia atamuita Musafiri. Sasa ni zamu yangu. Nimengoja zamu hii miaka mingi.

Jumapili, 8 Julai

Musafiri alikuja baada ya misa na chupa mbili za divai nyekundu na moja ya vermuti, amezikumbatia kama mutoto wa kubatizwa. Malofu hataki. Anataka divai na kokteli, kwa sababu yeye sasa ni evolue, mweusi aliyeendelea, mutu wa karte ya serikali, na Karani Mukubwa Gustavi wa ofisi yao atakuja. Nikasema sawa. Pombe ni pombe. Kinywa cha kuonja njo cha maana.

Tulikaa nyuma ya nyumba. Nilimufundisha. Shika glasi kwa muguu, si kwa tumbo. Nusa mbele ya kunywa. Usimeze haraka, si dawa ya kinini. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha nikatengeneza kokteli ya sheria yetu, bila jin: divai, kidole kimoja cha vermuti, maji ya mananasi, ndimu, sukari kidogo. Barafu hakuna, tuliweka chupa ndani ya mutungi wa maji. Wee! Ilishuka polepole, ikaacha harufu ya nanasi ndani ya pua.

Nilikunywa glasi nzima. Mara ya kwanza katika maisha yangu. Glasi nzima, nimekaa, hakuna anayeniita. Machozi yalinitoka. Musafiri aliona, akatazama kando, akasema habari ya kuku wa Asumini. Nilimupenda sana kwa hiyo.

Jumamosi, 14 Julai

Musafiri amepiga programu ya arusi kwa mashine ya ofisi. Kifaransa kitupu. Akanipa kopi, hakuketi.

Meza ya heshima: Bwana arusi. Bibi arusi. Shahidi, Karani Mukubwa Gustavi. Nilitafuta jina langu juu. Nikatafuta katikati. Nikalikuta chini kabisa, mustari wa mwisho: huduma ya vinywaji. Na mabano: koti nyeupe, glavu.

Nikamuuliza, na kuonja? Akasema mambo ya porini yaishie porini, Karani Gustavi atatuonaje. Alisema hivi akivuta karavati yake ya shingoni. Aliniambia nisikasirike, kokteli zangu njo zitapamba arusi.

Fadhila za punda ni mashuzi. Sina neno lingine leo.

Jumapili, 15 Julai

Sikuenda misa. Yeye angekuwa pale.

Jumatano, 18 Julai

Nimesoma tena ile programu. Mustari wa nne: glasi ya kwanza anapewa Mujomba Kitenge, mujomba wa Veronika, kwa mukono wa bwana arusi mwenyewe. Heshima ya wazungu, mukubwa kwanza. Kisha wengine. Kisha hotuba. Kuonja hakuna. Hakuna kabisa.

Nilikaa juu ya kreti nikasoma mara tatu. Mujinga huyu! Kumupa mukwe wa Kabambare pombe isiyoonjwa? Ni kumuambia: kunywa, tuone kama utakufa. Alifikiri anaondoa mimi tu, na kumbe ameondoa ndoa yake mwenyewe. Miaka sita ofisini na kichwa kimejaa mihuri.

Sitamukumbusha. Nimekunja karatasi, nimeiweka ndani ya agenda. Nilisikia raha. Raha ya kweli, ya tumboni, kama mutu aliyeshiba.

Ijumaa, 20 Julai

Asumini ameikuta karatasi. Hasomi Kifaransa, lakini alinisoma mimi uso. Nikamuambia. Akasema uende leo leo umuonyeshe, ndugu ni ndugu. Nikamuambia ajishughulishe na sufuria zake. Akasema: ulipokuwa huna kitu, nani alikuonjea? Nilitoka nje nikapasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Ananichukia leo. Mimi pia nachukia kila mutu. Tuko sawa.

Jumatatu, 23 Julai

Nimeomba ruhusa ya siku nne na koti ya serkele. Bwana wa serkele amekubali, lakini koti irudi safi. Madamu mumoja alicheka, eti sasa weusi nao wanakunywa kokteli, kesho watataka nini. Nilimutikisia yake vizuri kabisa. Kazi ni kazi.

Musafiri ameleta glavu. Ndogo, zinanibana mpaka vidole vinakufa. Nikamuambia zinanitosha.

Anataka pia barafu. Barafu! Kutoka Kasongo mpaka Kabambare, juu ya kamio, lori la mizigo, wakati wa vumbi. Zamani ningemuambia acha upumbavu. Nikasema: ndiyo, Bwana Leonari. Njo jina lake la karte. Alinitazama, akanyosha karavati yake.

Alhamisi, 26 Julai

Nimekuwa nikijaribu maneno nyuma ya kontwari, peke yangu, mbele ya glasi. Wakwe watakapouliza ndugu wa kisu iko wapi, huenda Musafiri atawaonyesha mimi. Nitasema: huyu bwana simujui, mimi niko hapa kwa kazi. Nimeyasema mara nyingi. Sasa yanatoka bila kutetemeka.

Ijumaa, 27 Julai

Kabambare. Mwili wote vumbi, mpaka ndani ya masikio.

Musafiri na Karani Gustavi walikaa mbele kwa dereva. Mimi nyuma na makreti, na kuku wa mutu mwingine, na kipande cha barafu ndani ya beseni, nimekifunika na pumba za mupunga. Huyu Gustavi ni mutu mufupi anayesema kwa kutoa pumzi puani. Tuliposimama kunywa maji aliniita boyi. Musafiri alisikia. Akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa.

Tulipita Wamaza saa sita. Pori letu liko kushoto, pale njia inapinda. Nilisimama juu ya makreti kutazama. Nikatazama pia kichwa chake kupitia kidirisha. Hakikugeuka. Nilingoja mpaka kona ya mwisho. Hakikugeuka.

Barafu ilipofika ilikuwa sawa na yai. Nilimupelekea Musafiri ndani ya beseni kubwa lile, katikati ya maji na pumba, mbele ya watu. Nikamuuliza: Bwana Leonari, tuiweke wapi?

Jumamosi, 28 Julai

Nitaandika yote kwa utaratibu.

Misa ilikuwa asubuhi. Hakuna kilichoharibika huko.

Muchana tulikuwa katika kiwanja cha baba ya Veronika. Upande huu meza na kitambaa cheupe na viti vya shule. Upande ule mikeka ya wakwe. Mujomba Kitenge katikati, muzee mwembamba, fimbo kati ya magoti. Ndugu zao Waislamu nilikuwa nimewatengenezea yao kando, maji ya nanasi na ndimu bila divai. Mimi nimesimama nyuma ya meza, koti, glavu, vifungo vitano. Watu wa Kabambare wakanipita kama nguzo ya nyumba.

Musafiri akaniita kwa kidole. Kidole! Nikamimina kokteli yetu, ile ya nyuma ya nyumba yangu. Akachukua glasi ya kwanza mwenyewe, akainama, akampa muzee. Muzee akapokea kwa mikono miwili. Akangoja. Akatazama glasi, akamutazama Musafiri, akatazama nyuma ya Musafiri kama kuna mutu anakuja.

“Nani ameonja?”

Musafiri akacheka. Akasema kwa watu walioendelea glasi ya kwanza ni ya mukubwa, ni heshima. Alipokuwa anasema nikaona shingo yake imelowa. Alikumbuka pale pale, katikati ya maneno yake. Niliiona kumbukumbu ikimupanda kama homa. Na mimi nilifurahi, Mungu anisamehe.

Muzee akaiweka glasi chini, kati ya miguu yake. Aliyekuwa kando yake, ambaye nilikuwa nimemumiminia tayari, akaweka yake chini. Na mwingine. Mustari wa glasi nzuri ndani ya vumbi. Vigelegele vilikatika. Mama ya Veronika akasimama, akamushika binti yake mukono, polepole, bila hasira, akaanza kumurudisha ndani ya nyumba.

Karani Gustavi akainuka. Akasema kwa pua lake kwamba huu ni ushenzi, akanyakua glasi, akanywa yote, akajipangusa mudomo. Muzee akamuuliza: wewe ulitahiriwa naye? Kisu gani? Gustavi akakaa. Musafiri akanyosha mukono aonje mwenyewe. Muzee akamuzuia na fimbo. Akasema mutu hajisemei mwenyewe kwamba hana sumu.

Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: uko na ndugu wa kisu au hauna? Kama hauna, utuambie tu, tule chakula, kila mutu arudi kwao. Binti yetu abaki.

Nilikuwa nyuma ya Musafiri, karibu kiasi cha kumugusa, nilisikia anavyopumua. Gustavi alikuwa anamutazama. Ofisi nzima ilikuwa ndani ya macho ya yule mufupi: karte, kiti, cheo, kila kitu. Akisema hana ndugu, anabaki mutu mukubwa na anarudi Kasongo bila bibi. Akisema iko, lazima aonyeshe wapi. Mama ya Veronika alikuwa amefika mulangoni.

Musafiri akageuka. Si kwa kidole. Alinishika mukono kwa mikono yake miwili, juu ya glavu. Akasema kwa sauti mpaka wa nyuma wakasikia:

“Ndugu yangu wa kisu njo huyu.”

Mujomba Kitenge alinitazama tangu viatu mpaka kola.

“Sasa mbona amesimama?”

Maneno yangu ya kontwari yalikuwa tayari mudomoni. Simujui huyu bwana. Maneno matatu tu na kila kitu kinaanguka. Nikageuza uso nimuone Musafiri atakavyokuwa, lakini macho yakaenda mulangoni. Nikamuona Veronika badala yake. Alikuwa amesimama na muguu mumoja ndani na mumoja nje, analia bila kujificha, na hakuna kitu alichonikosea katika maisha yake.

Sikumusamehe Musafiri. Naandika wazi nisije nikajidanganya kesho. Nilivua glavu. Ya kushoto ilikwama, nikaivuta kwa meno. Nikafungua vifungo vitano, nikavua koti, nikamupa Musafiri aishike. Akaishika mbele ya Karani Mukubwa wake, kwa mikono miwili. Nikaenda upande ule, nikaketi juu ya mukeka, nikaokota ile glasi kati ya miguu ya muzee. Nikashika kwa muguu wa glasi. Nikanusa. Nikaonja mbele ya macho yao yote.

Ilikuwa nzuri sana. Mimi njo niliitengeneza.

Nikamupa muzee. Akanywa mpaka chini, akafunga macho kidogo. Alipofungua, alikuwa ananitazama mimi. Akauliza kama iko ingine.

Jumapili, 29 Julai

Jana sikumimina tena. Nilikaa kwa wakwe mpaka mwisho, wakinipa mapaja ya kuku. Gustavi alijimiminia mwenyewe, akachanganya divai na bia, akatapika nyuma ya jiko. Sikumusaidia.

Leo wamefunga mizigo ya bibi arusi. Musafiri alinisogelea mara mbili. Mara mbili nilikuwa na kazi ya makreti. Koti alibaki nayo.

Jumatatu, 30 Julai

Tumerudi. Veronika alikaa mbele. Gustavi alikaa nyuma na mimi, juu ya kreti tupu, leso puani. Musafiri pia nyuma, kona ingine. Wamaza, pale njia inapinda, pori sasa lilikuwa kulia, nilijilazimisha kutazama kushoto.

Asumini aliniuliza kama nilionja. Nikasema ndiyo. Akasema: najua, hauna ubaya wa kutosha. Nilikasirika. Kisha nikala.

Jumatatu, 6 Agosti

Bwana wa serkele ameuliza koti. Nimesema inafuliwa. Natumikia na koti ya zamani iliyochanika kwapani, na wazungu wanacheka.

Musafiri hajafika. Wiki nzima. Nyumba zetu hazina hata mwendo wa kuchosha bibi kizee. Watu wanasema ofisini Gustavi hamusalimu tena. Vizuri. Ajue ladha yake.

Veronika amekuja, peke yake, na sahani ya muchele. Alisimama mulangoni akaugusa ubao wa mulango na kiganja, sawa vile wanawake wa kwao wanavyofanya, ili aujue mulango wa aliyeonja. Akamusalimu Asumini shikamoo dada, mimi shikamoo kaka. Akasema anaishi vizuri. Akasema bwana yake halali vizuri. Sikuuliza kwa nini.

Jumamosi, 18 Agosti

Nilitengeneza ile kokteli ya nanasi, ya peke yangu, nyuma ya nyumba. Vipimo vile vile. Divai ile ile. Haikuwa kitu. Nilimumwagia muti wa papai.

Hasira inachosha. Lakini nikiiacha nitabaki na nini?

Jumapili, 26 Agosti

Asubuhi. Nilikuwa ninanoa panga.

Musafiri amekuja kwa muguu, hakuwa na karavati. Viatu vyekundu kwa vumbi, si vumbi la Kasongo. Begani kibuyu cha malofu, kwapani koti yangu ndani ya karatasi, imefuliwa, imepigwa pasi, vifungo vitano. Aliiweka juu ya kiti. Asumini akamuletea kiti kingine. Akakataa, akaketi chini, mgongo ukutani, karibu na panga langu.

Nikamuuliza ametoka wapi. Akasema Wamaza. Nikamuuliza kama pori letu liko. Akasema liko, wamelima upande mumoja tu.

Basi. Akafungua kibuyu, akamimina ndani ya kikombe cha bati cha Asumini. Hakunipa. Akaonja yeye kwanza, akanionyesha kwamba amemeza, akapangusa ukingo na kidole, akanipa.

Malofu ilikuwa imeanza kuwa kali kwa sababu ya njia. Nikanywa. Nikamurudishia kikombe.